Kiti cha Babu Bomani mwa Kobe

Juzi, hapa nyumbani Kamukuzi, mwanangu aliniita nione sanduku la kobe wake. Kigogo alichomwekea cha kujifichia kilikuwa kimeota kuvu nyeupe kama pamba. "Mama, tuitupe tu, tutaokota ingine," alisema. Nikakichukua, ile harufu ya mti uliolowa ikanipanda puani, nikajikuta nimekaa kizingitini machozi yananitoka. Rafiki yangu, kuna harufu hazina adabu.

Nami utotoni niliwahi kufuga kobe, kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Nilimwokota karibu na ziwa tulipokwenda kuni, nikamjengea boma la matofali ya udongo nyuma ya nyumba. Wenzangu wakawa wananiuliza kila siku tutamla lini na sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo.

Bibi, aliyenilea, alikuwa na kigoda alichokichonga babu huko kwetu Kivu ya Kusini. Alikimbia vita nacho kimefungwa mgongoni kama mtoto. Babu alibaki huko, na hakuna aliyejua amelala wapi. Kile kiti hakikukaliwa na mtu. Kila Jumapili tukitoka kanisani Bibi alikipakaa mawese, kama babu alivyokuwa akifanya, mpaka kikawa chekundu na chumba kikanukia kwetu. Mawese yalikuwa ya kutafutwa. Sisi tulikula maharage ya chumvi tupu, kiti kikapata mafuta, na ole wako ulalamike.

Jioni moja kobe alitoroka, akajikokota hadi chumbani, akalala chini ya kiti. Nilingoja kipigo. Bibi akacheka, yeye ambaye kicheko kilikuwa kimempotea. "Mumuache," akasema. "Babu yenu amepata mugeni." Kiti kikahamia bomani, na mafuta yake ya Jumapili yakakifuata huko huko.

Mvua zilipoanza, kikaota kuvu. Bibi alifuta, akapakaa tena. Kadiri alivyopakaa, ndivyo kuvu ilivyonenepa. Kobe akaanza kutoa mapovu puani, akaacha kula, akafumba macho. Nilikesha nikimwomba Mungu asinichukulie na huyu.

Kulikuwa na mama wa Kinyankole aliyekuwa akituletea maziwa kutoka Masha, nje ya kambi. Aliinama, akakinusa kiti, akaigusa ile kuvu. "Nyabo, mama yangu, hiyo mafuta ndiyo chakula yake," akamwambia Bibi. "Wewe unalisha hiyo kitu." Akaeleza kwamba kwao vyombo vya mti vya maziwa huoshwa, hukaushwa, kisha hufukizwa moshi wa majani, na kuvu haivigusi.

Bibi aliweka kiganja juu ya kiti. "Mama, mimi sina kaburi ya kufagia," akasema. "Hii njo kaburi yangu." Yule mama aliweka chini galoni lake la maziwa, akakaa naye.

Kisha Bibi akamtazama kobe, akanitazama mimi, akabandika maji. Alikisugua kiti kwa maji ya moto na majivu, akakiparua kwa majani ya msasa. Maji yakatiririka mekundu uani, Jumapili zake zote. Alama za kisu cha babu nazo zikafutika. Kiti kikaanikwa, kikafukizwa, kikawa cheupe, kinanuka moshi wa Ankole ambao babu hakuwahi kuunusa. Kobe akapona. Mimi nilirukaruka kwa furaha. Bibi, Jumapili ilipofika, aliketi mikono mapajani, haina kazi.

Leo Bibi amelala Nakivale. Kaburi lake nalijua, nalifagia. Siku ya msiba wake kuni ziliisha, na majirani waliokuwa wakitupikia wakaokota kila mti waliouona nyuma ya nyumba. Nilikuta mguu mmoja wa kiti ukimalizikia chini ya sufuria ya bugali. Sikuwalaumu, maana hakikuwa tena na rangi ya kuonyesha kwamba ni cha mtu. Lakini niliumia, na bado naumia. Kobe naye alitoka bomani siku zile za watu wengi, hakuonekana tena.

Basi juzi, pale kizingitini, nilifuta machozi, nikamwambia mwanangu abandike maji.

"Kwani hii muti ni ya nani?" akauliza.

Nikamwambia si ya mtu. Tukakisugua kigogo hata hivyo, mimi na yeye, kisha nikabaki nayatazama maji yakitiririka uani. Hayakuwa mekundu.