Nimeulizwa Kalamu ya Wino ni ya Nini

"Bibi, kalamu ya wino ya nini, na dole gumba unalo?"

Hayo nimeambiwa leo na kijana muuza duka, Kilindoni. Mbele za watu! Na shikamoo hakunipa.

Nimetoka Baleni asubuhi kutafuta kalamu ya kujaza wino, ya bei rahisi, ya kila siku. Hizi nyingine mpaka uzikandamize, na vidole vyangu vimekakamaa kwa kufunga mwani. Kesho kikundi chetu kinasaini karatasi za hifadhi ya bahari. Mwenyekiti ni mimi. Siweki dole gumba!

Kijana akanionyesha moja, imelazwa kwenye mahameli. "Hizi za maofisa, bibi."

"Nishushie ile yenye vumbi."

Akaishusha. Nikamwambia aijaze wino, nikavuta boksi la sabuni, nikaandika jina langu, la baba na la babu. Darasa langu ni ngumbaru tu. Herufi zimepinda, lakini zinasomeka.

Akainama, akasoma. Kisha: "Shikamoo, bibi."

Sasa ndipo shikamoo kaiona!

Nyie wajukuu mnaosoma hapa, semeni kama nimekosea.

Kalamu ninayo. Boksi nimemwachia. Akija mwanamke mwingine kuulizia kalamu, kijana alisome kwanza ndipo afungue mdomo.