Aliyeuliza Nani Anapanda

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana nikifika katikati hutacheka. Haya yalinipata mimi mwenyewe pale Malaba, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe.

Kazi yangu ni kukata miti mirefu. Mimi na Okiru, kaka wa mke wangu, tulikuwa tumepata kazi Chakol, karibu na Malaba, mvule ulioinamia nyumba ya mama mmoja mjane. Vyombo nilivituma kwa basi kutoka Eldoret: kamba, mkanda wa kupandia na msumeno wa petroli. Watu wa vifurushi hawapokei kitu chenye mafuta, kwa hiyo tangi nililikausha. Plagi, ile inayowasha injini, niliing'oa nikaitia mfukoni, kama tufanyavyo sote, mjanja asije akautumia msumeno njiani.

Nilichukua gunia langu la vyombo pale Malaba giza likianza kuingia. Malori yalikuwa yameziba barabara, nikaita mtu wa baiskeli anibebee mzigo hadi lojingi alikonisubiri Okiru. Shati la yule mtu wa baiskeli lilijaa unga wa mbao. Nikadhani ni seremala.

Tukiwa katikati ya foleni akauliza, bila kugeuka, "Boss, kesho nani anapanda?"

Kwani nilikuwa nimemwambia kazi yangu? Hata!

"Ni mimi," nikajibu. Mdomo huu!

"Sawa. Nitakungoja huko juu."

Hapo msumeno ukanguruma ndani ya gunia. Niamini. Tangi kavu, plagi mfukoni mwangu, na gunia linatetemeka juu ya keria ya baiskeli! Nilipiga mayowe. Kufumba na kufumbua gunia liko chini kwenye lami, kimya, mtu hayuko, baiskeli haiko. Dereva mmoja akachungulia dirishani akaniuliza mbona navuta gunia huku naongea peke yangu.

Okiru alinicheka mpaka machozi yakamtoka. Asubuhi, chini ya mvule, nilikataa kupanda. Nilimsihi turudi nyumbani, nikamshika hadi shati.

"Aa, shemeji, wewe kaa chini ushike kamba," akasema. "Leo napanda mimi."

Alipolikaribia tawi kubwa, kamba ikakatika. Kamba mpya! Ncha yake ilikuwa imekatwa sawasawa, imejaa unga wa mbao. Msumeno ulikuwa miguuni pangu, hatujauwasha bado.

Okiru hakufa, namshukuru Mungu, lakini hatembei tena, na hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kueleza. Anasema kulikuwa na mtu ameketi juu ya lile tawi, akamwuliza, "Mwenzako yuko wapi? Alisema ni yeye." Nikimwuliza alimjibu nini, anasema tu, "Shemeji, wewe usipande mti tena."

Sijapanda. Na wewe unayepitia Malaba na vyombo vyako vya kazi, mtu usiyemjua akikuuliza kesho nani anapanda, nyamaza. Usijibu hata kwa utani. Anayekuja kuanguka huenda asiwe wewe.