Madirisha ya Karugendo Yasiyoshika Rangi

Kila mwaka ifikapo Desemba, mtaa mzima wa Nyanga, Bukoba, hunuka rangi. Watoto walioko Mwanza na Dar es Salaam wanarudi kula Krismasi nyumbani, na hakuna mzazi anayetaka mwanawe akute kuta zimechoka. Kwamba mwezi huohuo mvua inanyesha kama vile haina kazi nyingine, hilo halimzuii mtu. Watu hupaka mvua ikipumzika, hukimbilia ndani ikirudi, na hawaoni ajabu yoyote.

Mzee Karugendo, dereva mstaafu wa lori la kahawa, hakukosa Desemba hata moja. Alimwita fundi ayapake rangi nyeupe ya mafuta madirisha mawili ya mbele, yale yanayotazama njia. Na kila mwaka, kabla Januari haijaisha, rangi ilibanduka kuzunguka fremu, ikaning'inia vipande vipande, ilhali kwenye mbao zenyewe imetulia tuli. Ilikwenda hivyo miaka saba mfululizo. Majirani walishaacha kumcheka, wakaanza kumhurumia, jambo ambalo yeye alilichukia zaidi.

Kosa lenyewe lilijulikana. Twaibu fundi rangi, jirani yake wa nyumba ya tatu, alilisema siku ya kwanza tu alipopitisha kidole pale vibao vya fremu vinapokutana na ukuta.

"Mzee, hapa umezibia silikoni. Hii ni ya vioo na aluminiamu. Rangi haishiki hata ukipaka mara kumi. Tukwangue yote, tuzibe kwa ile gundi nyeupe ya maji, ndiyo inayokubali rangi."

"Wewe paka tu."

"Nitapaka, lakini itabanduka."

"Ibanduke."

Twaibu alidhani ni ubishi wa uzee. Hakukosea sana, maana Karugendo ni mbishi tangu ujana wake na mkewe Adventina anaweza kuapa. Lakini ubishi huu ulikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni Mujuni.

Mujuni ni mtoto wao wa pekee. Alikwenda Dar kutafuta maisha, akapata kazi kwenye karakana ya madirisha ya aluminiamu. Mwaka ule wa kwanza mama yake alimlalamikia kwenye simu kwamba mvua inaingia sebuleni kupitia pembeni mwa madirisha. Wiki iliyofuata boksi likafika kwa basi. Ndani mlikuwa na mirija sita ya silikoni, bunduki yake ya kukamulia, na kikaratasi kwa baba yake: "Tata, ziba hapo. Hata ziwa lote lihamie Nyanga, maji hayapiti."

Karugendo aliziba kwa mkono wake mwenyewe, akalainisha kwa kidole gumba, na kweli, maji hayakupita tena. Kilikuwa kitu cha kwanza mwanawe kumtumia kutokana na jasho lake. Kikawa pia cha mwisho. Kila Desemba Mujuni alisema, "Mwaka huu nakuja, Tata," na kila Desemba kazi zikambana. Sasa huyu mzee akwangue nini? Alitamani kumwona mwanawe mpaka chakula kikawa hakipiti, na kitu pekee cha kijana huyo kilichokuwa kwenye nyumba ile ni huo uzi wa mpira unaozuia mvua. Kuukwangua ilikuwa sawa na kumfukuza.

Desemba ya mwaka jana Mujuni akaja kweli. Adventina alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Karugendo alitoa kahawa ya kutafuna, akampa mwanawe punje chache mkononi kama anavyopewa mgeni.

Asubuhi ya pili Mujuni alizunguka nyumba akiikagua. Alisimama dirishani, akavuta ncha ya rangi, ikatoka yote kama ganda la ndizi mbivu.

"Tata, nani aliyekuharibia madirisha namna hii? Silikoni kwenye mbao za kupaka rangi! Huyo fundi alikuwa amelewa?"

Karugendo alimtazama usoni, akingoja akumbuke. Mujuni hakukumbuka. Adventina alifungua mdomo, mumewe akamkata jicho, akaufunga.

"Ni fundi mmoja," Karugendo alisema. "Zamani alikuwa anakaa hapahapa."

Mujuni alivua shati akaanza kazi. Alikwangua mpaka mbao zikaonekana, akapiga msasa, akaenda mjini kununua gundi ya maji, akaziba, na kesho yake mvua ilipopumzika akapaka. Baba yake alikaa karibu kwenye kigoda akimpa vifaa. Kila uzi wa silikoni ulipodondoka moyo ulimuuma, na kila mwanawe alipofuta jasho moyo huohuo ulifurahi. Aliinama akaokota zile nyuzi moja moja.

"Acha, Tata, nitafagia."

"Nasafisha tu."

Alizitia kwenye kopo la majani ya chai, akalisukuma chini ya kitanda. Siku ya nne Mujuni alipanda basi.

Januari ikaisha, rangi iko palepale. Februari vilevile. Twaibu alipita, akagusa, akasifu kazi kwa sauti kubwa. Karugendo hakuona cha kusifu. Kila asubuhi alikwaruza ukingo wa fremu kwa ukucha, akiomba ibanduke japo kidogo, apate sababu. Haikubanduka.

Jumapili moja, baada ya ibada, simu ikaita.

"Shikamoo, Tata. Yale madirisha vipi? Rangi imeshika?"

Karugendo aliyatazama madirisha yake, meupe, hayana hata alama. Mlangoni Adventina alikuwa akimenya ndizi, akasimamisha kisu.

"Inabanduka," Karugendo alisema. "Pale juu, upande wa kushoto. Na maji yanaingia."

"Haiwezekani! Nilikwangua yote kwa mkono wangu."

"Ndivyo ilivyo."

"Basi Desemba nikija nitaangalia."

"Usingoje Desemba, mwanangu," alisema. "Mvua za Machi hizo zinakuja. Njoo."

Adventina, ambaye kwa miaka arobaini hakuwahi kumsikia mumewe akisema uongo wa wazi namna hiyo, aliinamisha kichwa akaendelea kumenya ndizi.