Fundi wa Lifti na Mama Zake Wawili

Wafanyakazi walimwita Bibi Fomu, naye hakuchukia. Kila lililompata mtu, la heri au la shari, lilikuwa na fomu yake, na fomu zote zilikuwa mezani kwake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa afisa utumishi wa kampuni ya lifti yenye matawi katika nchi tisa na makao makuu ng'ambo. Yeye alishughulikia mafundi wa nchi nne: vibali vya kazi, mikataba, bima, sikukuu zisizolingana. Ikifika alasiri miguu ilimvimba, akaiweka juu ya katoni la karatasi chini ya meza na kuendelea kuandika.

Jumatatu moja asubuhi aliingia fundi aliyeletwa kutoka tawi la nchi jirani kwa mkataba wa miaka mitatu. Ovaroli yake ilikuwa na grisi bado.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umenyong'onyea hivyo?"

"Mama amefariki. Jana jioni."

Akamketisha, akampa pole, akafungua kompyuta. "Mama mzazi?"

Fundi akatikisa kichwa. "Mama mkubwa. Dada yake mama. Lakini ndiye aliyenichukua nina miezi minne, mama mzazi alipougua. Kwake ndiko nilikokulia."

Bibi Fomu alijua jibu la kompyuta kabla hajaiuliza. Mfumo uliotengenezwa makao makuu ulitambua mama, baba, mume au mke, mtoto, na ndugu wa kuzaliwa naye. Watu wengine wote duniani walitiwa kwenye neno moja, "mwingine". Mama alipewa siku saba. Mwingine alipewa siku moja, na basi la kwenda kwao fundi lilichukua siku mbili.

Mwaka juzi dereva mmoja alinyimwa ruhusa ya kwenda kumzika babu aliyemsomesha. Akaenda hivyo hivyo. Aliporudi alikuta barua ya kufukuzwa, na sahihi iliyokuwa chini ya barua ile ilikuwa ya Bibi Fomu. Tangu siku hiyo, kila walipopishana njiani, dereva alimsalimia vizuri tu, na hilo ndilo lililomuuma.

Akaandika "mama". Akabonyeza.

"Nenda kamzike mama yako," alisema.

Nyumbani mumewe, mwalimu mstaafu, aliposimuliwa alicheka mpaka miwani ikamtoka. "Mke wangu, umemzalia mtu mama kwa kompyuta!"

"Nimechoka kubishana nayo," alijibu, akaenda kulala mapema.

Miezi saba baadaye fundi alirudi. Safari hii hakuketi.

"Mama, sijui hata nianzie wapi. Mama mzazi naye ametutoka. Wanazika Alhamisi."

Bibi Fomu alijaza ombi. Maandishi mekundu yakatokea: mama wa mfanyakazi huyu alishafariki, ombi limezuiwa kwa uchunguzi. Fundi aliyasoma akiwa amesimama nyuma ya kiti. Bibi Fomu angeweza kumtuma akaeleze mwenyewe. Angeweza kusema mara ile alikosea tu kuandika. Badala yake alipiga simu makao makuu fundi akiwa pale pale.

Msimamizi wake wa huko alikuwa mdogo kuliko kitinda mimba wake, na mwenye adabu sana.

"Kwa hiyo alidanganya mara ile, au anadanganya sasa?"

"Hajadanganya hata mara moja. Niliyeandika ni mimi."

"Uliandika mama, na hakuwa mama yake."

"Alikuwa mama yake. Huku kwetu dada mkubwa wa mama haitwi jina jingine."

"Nakuamini," msimamizi alisema. "Ila sina pa kuliandika hilo. Uchunguzi ni siku kumi."

"Maiti haingoji siku kumi, mwanangu."

Akakata simu, akachukua karatasi nyeupe, akaandika ruhusa ya siku saba kwa mkono, akaitia sahihi na mhuri. "Wakikuuliza, sema nilikuruhusu mimi."

Uchunguzi ulimsafisha fundi. Bibi Fomu alipata barua ya onyo, na mamlaka ya kuidhinisha likizo yakahamishiwa makao makuu. Nakala ilitakiwa kuingia kwenye faili lake, na mtunza mafaili ni yeye. Akaitoboa matundu mawili, akaipachika mahali pake, akarudisha faili kabatini. Mwili wote ulimuuma kama aliyebeba magunia.

Fundi aliporudi alikwenda moja kwa moja ofisini kwake.

"Mama, nimesikia waliyokufanyia."

"Achana nayo. Umezika salama?"

"Nimezika."

"Basi kaa kidogo."

Akakaa. Kisha fundi akajikuna kidevu. "Sasa mama, nimebakiwa na baba wadogo watatu."

Bibi Fomu alimtazama, akaona hatanii sana, akacheka hata hivyo, kicheko cha chini kilichoishia kwenye kikohozi.

"Waombee uzima wote watatu," alisema. "Angalau mpaka nistaafu. Bado miezi kumi na minne."

Fundi naye akacheka, akaaga, akabeba sanduku lake la vifaa. Kulikuwa na watu wamekwama ghorofa ya sita.