Matanga ya Chumba cha Baridi

Kosa la kwanza halikuwa langu, lilikuwa la mvua. Kama jioni ile isingenyesha, makabati yangu yangefika nyumbani yakiwa wazi, kila mtu wa mtaa wetu wa Mapendo, hapa Goma, angeona ni makabati ya chuma, na maneno yangeishia hapo. Lakini mvua ilinyesha, lori likashindwa kupanda mawe ya volkano yaliyo mbele ya nyumba yetu, na baba akaenda kuita watu wa chukudu, yale magari yetu ya mbao ya kusukuma. Tukayalaza makabati juu yake, tukayafunika blanketi za nyumbani, tukayafunga kwa vitenge. Basi watu waliojikinga kwenye vibaraza wakaona vitu vitatu virefu vimelazwa, vimefunikwa, vinapita polepole, na baba yangu akitangulia kichwa wazi. Kofia alikuwa ameiweka kwapani isilowe. Wanaume wa vibarazani nao wakavua zao.

Mimi nilifurahia heshima ile. Nilidhani ni ya biashara yangu mpya.

Biashara yenyewe niieleze, maana inaeleweka kwa taabu. Mtu anapiga picha, anaituma, halafu anadhani picha inaelea hewani. Haielei. Lazima ilale mahali, ndani ya kompyuta isiyozimwa, ambayo sisi wa kazi hiyo tunaiita seva. Panga seva nyingi kwenye kabati, weka makabati kwenye chumba chenye umeme usiokatika, baridi isiyopungua na mlango usiofunguliwa ovyo, hapo umepata kituo cha data. Huko ng'ambo kuna vituo vikubwa kuliko soko zima. Changu kilikuwa chumba cha uani ambamo marehemu mama alikuwa akiweka maharagi ya kutoka Masisi.

Na faida iko wapi? Iko palepale ilipo faida ya nyumba za kupangisha. Kliniki, shule, redio, wenye maduka ya jumla, wote wana kompyuta chini ya meza, inayopigwa ufagio kila asubuhi na kumwagiwa chai kila adhuhuri. Au wanalipa dola kwa kampuni ya mbali, na siku waya wa intaneti ukikatika njiani hawawezi kusoma hata karatasi zao wenyewe. Mimi niwapangishie nafasi: huyu kabati zima, yule rafu moja, mwingine nimtunzie nakala tu ya kazi yake. Mpangaji wa namna hii hapiki, hapigi muziki, haleti shemeji. Anakula umeme tu, ingawa huo anaula kama mgeni wa harusi.

Baba ni mfugaji wa milima ya Masisi, amezoea mali inayotembea kwa miguu yake yenyewe. Nilipomwonyesha kwamba seva inavuta hewa baridi kwa mbele na kutoa hewa moto kwa nyuma, alisema ni ng'ombe kabisa, ila wa kwake alikuwa akitoa na maziwa. Alinipa chumba kwa sharti moja. Msimu wa maharagi ukifika kabla sijapata mpangaji mkubwa, vyuma vitoke, maharagi yaingie. Akiba yangu yote ilikuwa imeingia mle. Vyuma vikitoka, ningeviuza kwa bei ya sufuria.

Basi nikakitengeneza chumba kama mwali. Nikanyanyua sakafu, nikafunga mashine ya baridi, betri, paneli za jua juu ya bati, jenereta nyuma ya jiko, na nyaya mbili za intaneti za kampuni mbili tofauti, ili moja ikinuna nyingine icheke. Vumbi la mlima wetu wa moto ni baya kwa mashine, hivyo kila aingiaye nilimvua viatu. Na kwa kuwa niliwaogopa wezi, nilimwomba baba asimwambie mtu kilichomo.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kumpa baba yangu siri ni kumpa mtoto filimbi.

Majirani walimuuliza, tena kwa adabu. Angeweza kusema ni mitambo ya binti yangu, yakaisha. Badala yake aliinamisha macho, akashusha pumzi, akajibu, "Iko baridi mule. Lazima ibakie baridi." Kisha akaomba udhuru, akaja jikoni kucheka mpaka akashika ukuta.

Mtaa ukafanya hesabu zake. Vitu virefu vimefunikwa blanketi, vimepita kwenye mvua, mzee kavua kofia. Chumba cha baridi kinanguruma mchana kutwa. Binti anaingia peku, anatoka kimya, anafunga kufuli mbili. Wengine walisema tumeficha tajiri aliyetufia mikononi. Wengine walisema ni yule mchumba wangu aliyekwenda Kampala akakawia kurudi. Hilo liliniuma, maana yule bwana yu hai kabisa, ana mke na tumbo, na kama kuna aliyestahili kuwekwa barafuni ni yeye.

Aliyenijia ana kwa ana alikuwa jirani yetu, mama muuza makala, yaani makaa ya kupikia, mjane mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Aliniletea makala ya bure, akanishika mkono, akaniambia, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Nikamjibu kwamba niko mzima, kikohozi changu ni cha vumbi tu. Akatikisa kichwa kwa huruma, akaondoka.

Kwetu kifo hakifichwi. Mtu akifa unapiga kelele, turubai linafungwa, viti vinaletwa, jirani uliyegombana naye juzi anakuja na makala na maharagi. Kuficha msiba ni kuwaambia majirani kwamba huwahitaji, na kuna matusi ya mdomoni yaliyo afadhali kuliko hilo. Akina mama wa mtaa walivumilia kadiri walivyoweza. Hatimaye wakakata shauri kwamba kama sisi tumeshindwa kumlilia mtu wetu, wao watakuja kumlilia.

Wakachagua siku ileile niliyomwalika daktari.

Daktari huyu anaongoza kliniki moja kule Keshero, karibu na ziwa. Ni mtu wa Rutshuru, mpole, mwenye kusitasita. Mafaili ya wagonjwa wake yalikuwa kwenye kompyuta iliyokwisha kulowa mara moja bati lilipovuja, na alikuwa akitafuta mahali pa kuyahamishia. Akikubali, nimepata mpangaji mkubwa. Akikataa, kulikuwa na ndugu yetu njiani kutoka Masisi na magunia ya maharagi, na baba alikwisha kufagia pembe moja ya ukumbi kwa ajili ya vyuma vyangu. Nilinunua biskuti. Nilitayarisha maelezo ya Kifaransa yenye michoro ya rangi. Nilivaa viatu vya kisigino, nikasahau kwamba mlango wangu unavua watu viatu.

Nilipotoka chumbani kwangu, uani palikuwa na turubai. Viti vya plastiki vimepangwa, moto umewashwa, sombe ya majani ya muhogo iko jikoni, na wanakwaya wanajaribu spika waliyoiunga kwenye umeme wetu. Mama muuza makala alinikumbatia, akanilaza kifuani kwake, akanilia shingoni. Nikamtafuta baba. Nilimkuta anawapangia wageni viti. Nikamwomba kwa sauti ya chini awaambie ukweli waondoke kabla daktari hajafika, akanitazama kama niliyekosa malezi.

"Nani anafukuzaka watu ya matanga?" alisema. "Acha wapate chakula kwanza."

Sijui kama nilitaka kumpiga au kulia. Nilikuwa na hasira ya kweli, na hasira ilizidi nilipoona kwamba hata yeye sasa hacheki, mzaha umemkimbia mkononi.

Daktari akafika. Aliona turubai, akavua kofia, akapita akiwapa watu pole kwa mikono miwili, akatia chochote kwenye kikapu cha rambirambi, akaketi. Nikamwendea na biskuti zangu. Akainuka, akanishika mabega.

"Pole sana, mama. Mambo ya kazi itangojea. Tutaonana kisha kilio."

Baada ya kilio ni lini? Baada ya kilio ni maharagi. Nikasimama katikati ya turubai na viatu vyangu vya kisigino, nikaomba kwaya inyamaze, nikatangaza kwamba katika nyumba hii hakuna mtu aliyekufa.

Mtu aliyekuwa akichochea moto aliacha kuchochea. Mama muuza makala alijipangusa macho kwa ncha ya kitenge, akanitazama kwa makini.

"Basi utuonyeshe," alisema. "Hatuwezi kulia bure."

Nikafungua kufuli zote mbili. Waliingia kwa mafungu, peku, wakijishika mikono kama watu wa kanisani. Daktari aliingia na fungu la kwanza, soksi yake imetoboka kidole gumba. Maelezo yangu ya Kifaransa niliyaacha mezani, maana ningemweleza nani? Nikaanza kusema Kiswahili cha nyumbani. Nikawaambia, zile picha za ubatizo munazotumiana, zile sauti za kuulizana hali, zote zinalala kwenye chumba kama hiki, mbali, kwa watu tusiowajua. Hiki ni cha kwetu. Mbele ni baridi, pitisha mkono. Nyuma ni moto, pitisha tena. Mama mmoja alibaki kulekule nyuma akijipasha viganja, akasema angejua angekuja tangu mvua zilipoanza.

Wakauliza, na umeme wa mji ukienda? Nikaenda kwenye swichi kubwa nikaukata mwenyewe. Taa za nyumba zikazimika, spika ya kwaya, iliyokwisha kuanza tena, ikafa katikati ya wimbo, sauti za kulalamika zikapanda uani. Ndani ya chumba vitaa vya kijani vilibaki vinapepesa bila habari. Betri zimeshika, nikasema, na zikichoka jenereta inaamka. Daktari alivitazama vitaa vile kwa muda mrefu.

Mama muuza makala hakuwa akitazama vitaa. Alikuwa ameweka kiganja chake juu ya kabati la kwanza, lile alilolililia wiki nzima. Akauliza bila ile sauti yake ya kwaya, "Vitu vya mutu mwenye alishakufa, vinaweza kukaa humu?"

Nikamjibu kwamba vinaweza. Akatueleza basi. Wakati yeye na jamaa zake wanakimbia kushuka kutoka milimani, simu yake ilianguka mtoni, na picha zote za mume wake zikaenda na maji. Mume mwenyewe alikuwa amekwisha kufa. Kilichobaki ni sauti yake fupi tu, ambayo dada wa mama huyu, aliyeko Rutshuru, aliwahi kutumiwa, na simu ya yule dada nayo imezeeka, inazimika yenyewe. Kila ikizimika, alisema, anaogopa haitawaka tena.

Hapo daktari alifungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu anipe pole. Akaniuliza, na hii mashine yenyewe ikikufa? Nikamwambia kila kitu kinakaa katika mashine mbili za chumba hiki, na nakala ya tatu iko nje ya Goma, kwa sababu mlima wetu tunaujua. Akakunja kile kidole gumba chake kwenye sakafu baridi.

"Weka ya mama kwanza," alisema. "Ya kliniki itafuata."

Nilitaka kumkumbatia lakini tulikuwa matangani. Nikatoka nje nikala sombe sahani mbili. Hakuna aliyeondoka kabla ya chakula kwisha, na kikapu cha rambirambi baba alimpa mama muuza makala, ambaye kwanza alikataa, kisha akafikiri, akakubali.

Dada wa Rutshuru alituma ile sauti siku chache baadaye, alipopata chaji. Tukaingia chumbani watatu, mimi, baba na mama muuza makala. Nikaiweka mahali pake, nikatengeneza nakala zake, kisha nikamwuliza mama kama anataka kuisikia. Akakubali kwa kichwa. Sauti ya mwanamume ikatoka, yenye haraka, yenye mbuzi anayelia nyuma yake:

"Shemeji, umwambie dada yako asisahau chumvi. Na afunge mulango, huyu mbuzi ataingia."

Ilikuwa ni hiyo tu. Mama alicheka sana, akasema mbuzi aliingia kweli, tena alikula na chumvi yenyewe. Halafu akaketi chini kwenye sakafu yangu isiyotakiwa kukaliwa, akalia, na hakulia kwa kwaya.

Maharagi ya Masisi siku hizi yanalala chumbani kwangu, magunia mpaka usawa wa kitanda, na chumba cha uani kimejaa wapangaji. Majirani bado wanasema mle ndani kuna mtu. Zamani ningebisha. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Siku ile ya sauti, mama muuza makala alipokuwa akilia, niligeuka nimtazame baba, nikidhani nitamkuta anajizuia kucheka. Alikuwa amevua kofia, na nje jua lilikuwa linawaka.