Kura za Laptopu ya Byron

Ukimpa Byron wa Kaloleni nafasi ya kuongea, umekwisha! Ndiye aliyewashawishi akina mama wanaokausha samaki ufuoni, kikundi cha mamake, Seline, waache kura ya mlolongo, ile ya kusimama nyuma ya mgombea wako watu wote wakuone. Mlolongo uliwagombanisha kila uchaguzi. Yeye angewawekea kura ya siri kwenye blokcheni, kumbukumbu inayotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja. "Ikiingia haitoki," alijigamba. "Hata mimi siwezi kuifuta."

Programu aliiandikia mtandaoni, kwenye tovuti ya wajenzi wa mambo hayo. Tovuti ile humpa mtu blokcheni ya kujaribia, inayoishi ndani ya ukurasa uliofunguliwa tu. Ukiufungua upya, kila kitu kimekwenda. Byron alilijua hilo vizuri. Kuhamia kwenye ile ya kweli kulimshinda, na kwa vile alikuwa ameshajigamba, aliona haya kusema. Kura za asubuhi moja tu, nani atajua?

Siku ya uchaguzi akina mama walipita mmoja mmoja kwenye laptopu, Seline na Rachael wakigombea uenyekiti. Wa mwisho alipomaliza, ukurasa ukaganda. Byron, kwa mazoea tu ya vidole, akaufungua upya.

Seline sufuri. Rachael sufuri.

"Yawa!" Benta, mweka hazina, aliruka. "Amefuta! Ameona mamake anashindwa!"

Jasho lilimtoka Byron. "Ni network, Mama."

Seline akasimama mbele ya wenzake. "Mwanangu hajui kudanganya. Akisema ni network, ni network. Byron, hebu waambie tena."

Byron aliona afadhali angetukanwa.

"Si network, Mama," alisema, macho kwenye viatu vyake. "Hii ilikuwa ya kujaribia tu. Nilijua tangu mwanzo."

Rachael akasema basi, warudi kwa mlolongo. Wakaanza kujipanga, wengine nyuma yake, wengine, wala hawakuwa wachache, nyuma ya Seline.

Seline aligeuka akawatazama wale waliokuwa bado wanamwamini. Akakaza leso yake kiunoni, akapita mbele ya mwanawe bila kumwangalia, akaenda kusimama mwisho kabisa wa mstari wa Rachael.