Kikapu Alichokitaka Wifi

Wifi yangu alikuja kutoka Nairobi, akataka nimpeleke soko la Malindi akanunue kitu halisi cha pwani. Nilimzungusha tangu asubuhi. Halua eti ilikuwa tamu mno, leso eti zina rangi kali, na mikeka ya Kakuyuni eti haitaingia kwenye begi. Adhuhuri ilinikuta miguu imenivimba. Tulipofika kituo cha basi, akakikodolea macho kikapu changu kikuukuu cha ukili.

“Wifi, nataka hiki.”

“Vipya vimejaa sokoni tulikotoka.”

“Hivyo havijatumika.”

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nikamwaga nyanya na bamia zangu kwenye leso, nikafunga fundo. Juzi alinitumia picha: kikapu changu kimetundikwa ukutani kwake, hakibebi hata kitunguu.